Uzi wa Kiuno

9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mkaza mjomba naye ana shikamoo yake, umpe kabla hujaendelea kusoma, maana najua utasahau. Huku sote tu wazima. Mke wangu anawasalimu. Mtoto ameota meno mawili ya mbele, na sasa anakula kuliko baba yake. Hilo si utani.

Ulinikataza nisikuandikie kwenye simu kwa sababu mkaza mjomba ndiye anayekusomea, na kwa vile masikio yako uliyaacha kiwandani, inabidi apaze sauti mpaka kinyozi wa ng'ambo ya barabara anajua nimekula nini. Basi nimenunua bahasha.

Hii ni wiki ya tatu tangu nitoke hospitali. Tumbo wamelikata, na daktari anasema kilichobaki kina umbo la ndizi. Mwanzoni nilikunywa supu iliyochujwa tu. Sasa nimeruhusiwa vitu vilivyosagwa. Mke wangu anasaga samaki, anasaga maharage, anasaga kila kitu isipokuwa mimi. Natumia kijiko cha mtoto, na mtoto ana chake, na juzi tulibadilishana bila kujua. Dada wa lishe pale kliniki amenipa masharti yake: nianze na samaki au yai kabla ya kingine chochote, nitafune mpaka kitu kiwe uji, nisinywe maji wakati wa kula. Vitu vya sukari nivisahau, kwa sababu hivyo haviulizi tumbo dogo wala kubwa, vinapita tu.

Ndugu wengine nimewaambia ni presha. Sababu yenyewe nakueleza wewe peke yako. Ilikuwa kwenye jengo moja la ofisi. Lifti niliitengeneza mwenyewe asubuhi, na mchana nikaingia ndani yake na watu wachache, ikalia ile kengele ya kuzidi uzito. Mama mmoja aliyebeba mafaili akasema kwa upole kabisa, "Fundi, tupishe sisi tutangulie." Nilitoka na sanduku langu la vifaa nikasimama pale, mlango ukajifunga. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Na tangu mwaka jana msimamizi ameniweka mezani nigawe funguo na kupokea simu, kwa kuwa kile kidirisha cha kupandia juu ya kibanda cha lifti hakinipitishi. Fundi wa lifti asiyepanda kwenye shimo la lifti ni fundi wa jina. Nimefanya upasuaji huu ili nirudi kazini kwangu, mjomba. Nikishindwa masharti, nitakuwa nimejipasua bure.

Uzi ulioomba huu hapa. Nimeuzungusha kiunoni, usawa wa kitovu, bila kubana pumzi.

Mpwa wako,
Tonge (jina ulinipa mwenyewe, usijifanye umesahau)


1 Machi

Mpwa,

Marahaba. Mkaza mjomba nimempa salamu zake, ingawa nilisoma ukurasa mzima kwanza. Anakuombea. Kuku wake wameanza kutaga na haongei jambo lingine.

Uzi umefika. Nimeutundika dukani kwenye msumari mmoja na uzi wako wa zamani, ule wa suruali ya kazi, na nimekaa nikizitazama zote mbili badala ya kushona. Mmoja umefika kwenye meza, mwingine unaning'inia juu juu. Wateja wakiuliza nawaambia ni siri ya serikali. Mafundi wa siku hizi wanataka namba, mimi namba sizitaki, kwa sababu tepu kila mtu anaisoma apendavyo. Uzi ukishakatwa umekatwa.

Binamu yako mwalimu ataolewa mwishoni mwa Agosti. Amesema siku hiyo hasimami na kaka mwingine pembeni yake isipokuwa wewe. Nami nimesema suti yako hashoni mtu mwingine isipokuwa mimi. Kwa hiyo nitumie uzi kila mwezi, nikiona kiuno kimetulia nitakata kitambaa.

Kuna jambo jingine dogo. Nina mteja, mzee wa rika langu, si mtu mbaya ila mbishi. Ana kisukari. Amekatazwa chai ya sukari, mkate mweupe na soda. Nyumbani anakunywa chai kavu bila sukari mbele ya mkewe, anakunja uso kama mgonjwa wa meno, kisha anatoka kwenda kwa muuza soda. Daktari anaona haya kumwuliza kwa sababu ni kijana wa kumzaa. Nimemwambia nina mpwa ambaye amefungiwa chakula kuliko yeye na anaweza. Sasa ananisumbua, anataka kujua unawezaje.

Mjomba wako


30 Machi

(Hii sikuituma.)

Mjomba,

Shikamoo. Salamu za nyumbani nitaziandika vizuri nikinakili, ngoja kwanza niseme.

Nakula maziwa ya kopo, yale mazito ya sukari. Nyama inanikwama, yai linanikwama, samaki akiwa mkavu kidogo natapika mbele ya mke wangu aliyehangaika naye asubuhi nzima. Maziwa ya kopo hayakwami. Nilianza kwa kijiko kimoja siku msimamizi aliponipima kwa macho na kusema tungoje kwanza. Nilipanda juu kabisa kwenye chumba cha mashine, kwa kuwa funguo ninazo mimi, nikatoboa kopo kwa bisibisi. Sasa yapo mengi kule, nyuma ya ndoo ya grisi.

Nikishakunywa moyo unaenda mbio, jasho linanitoka mpaka shati linanata, nalala kwenye boksi lililokunjuliwa mpaka mambo yapoe. Juu yangu mashine inazunguka, watu wanapanda na kushuka, na mimi ninayewatengenezea nimelala chini kama mlevi. Nikiamka nasema sirudii. Kesho yake natafuta bisibisi.

Kliniki nimeacha kwenda. Dada wa lishe alipiga simu nikamwambia nimesafiri, na mtoto akalia palepale, naye akamsikia. Alinitakia safari njema.

Uzi nimeupima leo. Ni ule ule wa Februari, na pengine umezidi kidogo. Nimepasuliwa, nimelala hospitali, mke wangu amesaga mpaka mashine ya kusagia imeungua, halafu uzi ni ule ule. Naona haya mjomba. Naona haya kukutazama, na wewe hata hupo hapa. Ukiutundika huu kwenye msumari wako, kila anayeingia dukani atauona.

Mkasi uko hapa mezani.


2 Aprili

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, wewe na mkaza mjomba. Wape kuku pongezi. Samahani kwa kuchelewa, kazi zimebana. Binamu mwalimu mwambie nimefurahi mno, nitasimama mpaka miguu iote mizizi.

Mimi naendelea vizuri sana. Kliniki wamenisifu. Nimefika kwenye vyakula laini, na tumbo limezoea kabisa. Kuhusu mteja wako, mwambie hakuna siri yoyote, ni nidhamu tu. Mtu akiamua, ameamua. Mimi leo ukiniwekea kopo la maziwa matamu hapa naliona sawa na ndoo ya grisi.

Uzi wa Machi huu hapa. Ukiona ncha yake imechakaa, mtoto aliutafuna.

Mpwa wako,
Tonge


28 Aprili

Mpwa,

Marahaba, na marahaba tena. Uzi nilipoutundika nilimwita kinyozi aje aone, na akamwita mteja aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa. Wameuona. Mkaza mjomba aliushika akasema huyu sasa tutamwita nani, Tonge halimfai tena. Nimemwambia jina halipunguzwi kwa lishe.

Maneno yako nimemsomea mteja yalivyo. Akasema basi huyo mpwa wako ni mwanamume, mimi ni mzee wa hovyo tu. Nilimwambia asiseme hivyo. Tangu siku hiyo haniambii tena anachokula. Nikimwuliza anasema ameacha, huku anatazama barabarani. Ana kidonda kidogo kidoleni mguuni, anadai ni kiatu.

Habari nyingine, nimenunua cherehani ya umeme. Ile ya kukanyaga nimeisogeza ukutani na mkaza mjomba ameiwekea chungu cha maua. Kanyagio lilianza kunichosha, si unajua umri.

Endelea hivyo hivyo. Hujui ni furaha gani umeleta kwenye duka hili.

Mjomba wako


20 Juni

Mpwa,

Nyuzi za Aprili na Mei zimefika, ila barua sikuiona ndani ya bahasha zote mbili, nimezitikisa mpaka mkaza mjomba akacheka. Najua kazi zimekubana. Kiuno nimeona kimetulia, nimekata kitambaa. Suruali hii hapa, rangi ya kijivu kama ulivyopenda tangu ukiwa shule. Ijaribu, koti nitalimalizia ukishaniambia.

Binamu yako anataka picha ukiwa umeivaa. Mke wako akupige, usijipige mwenyewe, wewe hukata kichwa.

Mteja wangu hajambo. Si sana, lakini hajambo.

Mjomba wako


15 Julai

Mpwa,

Hujajibu. Sikulaumu, nauliza tu, maana vifurushi siku hizi vinapotea.

Naandika nikiwa nimelala, ndiyo maana mwandiko umepanda kilima. Mguu nimeuweka juu ya mto. Nilijikwaa.

Yule mteja amekatwa kidole cha mguu. Kidonda alikificha, soksi hakuvua hata chumbani kwake, kwa sababu mkewe angekiona angempeleka hospitali, na hospitali wangeuliza anakula nini. Alikuwa tayari kukosa mguu kuliko kuulizwa hilo. Kidole cha pili nacho wanakiangalia.

Suruali imekukaaje?

Mjomba wako


24 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Shikamoo mkaza mjomba. Mtoto anatembea kwa kushika ukuta, mama yake mzima.

Suruali ilifika siku nyingi. Mke wangu alisimama mlangoni na simu mkononi, tayari kunipiga picha. Ilipita magotini, ikafika mapajani, ikasimama. Nilivuta, nikalala kitandani nikavuta tena. Mke wangu akaishusha simu, akasema ngoja amtazame mtoto, ameamka. Mtoto alikuwa begani kwake, macho makavu, ananitazama.

Nyuzi nilizikata, mjomba. Wa Februari ni wa kweli. Wa Machi niliupima, kisha nikaukata kwa mkasi, na Aprili nikakata zaidi, na Mei zaidi, ili upungufu uonekane wa kawaida. Nimeweka humu ndani barua niliyokuandikia Machi nikashindwa kuituma. Isome ukiwa peke yako. Yote yaliyomo ni kweli, na yaliyokuwa kwenye ile niliyoituma ni uongo, hata ule wa mtoto kutafuna uzi. Sijui nimekaaje miezi yote hii nikijua nyuzi zangu za uongo ziko msumarini kwako na kinyozi anaitwa kuzitazama. Nikisikia jina lako nyumbani hapa naondoka chumbani.

Barua yako ya mwisho niliisoma kazini, nimesimama. Nilipofika kwenye mguu juu ya mto nikaikumbuka cherehani ya kukanyaga iliyowekewa maua. Nikakaa chini. Sitauliza kitu ambacho hujaniambia.

Siku hiyo hiyo nilimpandisha mke wangu kwenye chumba cha mashine, nikasogeza ndoo ya grisi. Alikaa kwenye boksi langu akayatazama makopo. Nilingoja anipayukie. Akaomba mfuko, akaanza kuyatia mojamoja, na lililokuwa limebaki nusu akalimwaga kwenye sinki la wasafishaji. Tukishuka kwenye lifti akaniuliza, "Ulikuwa unalala hapo sakafuni na jasho hilo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Peke yako?" Hapo ndipo nilipolia, na mlango ukafunguka ghorofa ya pili, akataka kuingia mlinzi, akaghairi.

Kliniki nimerudi. Nilidhani dada wa lishe atanifukuza. Aliniuliza safari ilikuwaje. Nikamweleza. Akasema wengi huenda safari hiyo, tatizo ni wasiorudi. Amenianzisha upya kwenye vyakula laini, samaki awe na mchuzi asinikwame, nile polepole, na kama jana nilikosea leo nisijifiche, nije niseme. Nimeshakosea mara moja tangu nirudi, biskuti za mtoto. Nilimpigia nikamwambia. Aliandika tu, akaniuliza mchana nitakula nini.

Kidirisha cha juu ya lifti bado hakinipitishi. Nimejaribu wakati wenzangu wameenda kula. Mabega yanapita, kiuno bado.

Sasa suruali. Nilitaka kukurudishia, nikaona haya, nikachukua wembe nifumue mshono wa nyuma nitafute hata nusu inchi. Ndani nimekuta kitambaa kimekunjwa na kulazwa kwa mkono, upana wa kiganja kizima. Pande zote mbili hivyo hivyo. Nimekaa kwako utotoni nikiokota vifungo chini ya meza, najua fundi huacha kiasi gani, na hiki si kiasi cha fundi. Nimeifumua, nimeishona tena kwa sindano, mishono kama ya mlevi, lakini inanitosha. Ulijua?

Mwambie mteja wako hivi, tafadhali, na umsomee yalivyo kama ulivyomsomea yale mengine. Nilimdanganya. Aliponiuliza naweza vipi, siku hizo nilikuwa siwezi hata kidogo. Hakukuwa na nidhamu yoyote, kulikuwa na bisibisi na kopo. Angejua hivyo labda soksi angeivua mapema. Kidole chake nakiona mimi kila nikila. Mwambie akinichukia nitaelewa, ila soda aiache, na akishindwa amwambie mkewe siku ile ile. Nikija Agosti tutakaa meza moja, yeye na chai yake kavu na mimi na kijiko cha mtoto, tukunje uso pamoja.

Uzi wa leo huu hapa. Mke wangu ameukata, mimi nilinyanyua mikono tu.

Mpwa wako,
Tonge


6 Agosti

Mpwa,

Marahaba. Mwambie mtoto asishike ukuta sana, ajizoeze kuanguka angali mfupi. Kuku wawili wameliwa na paka, mkaza mjomba yuko matangani.

Barua zako zote mbili nimezisoma nikiwa peke yangu, kama ulivyosema. Uzi nimeutundika. Zile tatu za uongo nimeziondoa msumarini, nimezifungia vifurushi vya wateja. Kinyozi aliuliza mbona kiuno kimeongezeka, nikamwambia ashughulike na vichwa.

Umeniuliza kama nilijua. Sikujua. Nilikuamini kabisa, na nilikutangaza mtaa mzima, wala usifikiri nilikuwa na akili ya ziada. Ila siku ya kukata kitambaa yule mteja alikuwa amekaa pale dukani, chupa ya soda mkononi, ananiapia kwamba ameacha. Alikuwa anaapa kwa dhati, mpwa, machozi yanamlenga, na chupa mkononi. Nikamtazama, nikasema moyoni kama huyu anaweza kuapa hivi, na mpwa wangu naye ni binadamu. Nikaisogeza chaki.

Barua yako nimemsomea. Hakukuchukia. Alicheka pale kwenye bisibisi, kisha akashindwa kuendelea kucheka. Kidole cha pili kimepona, daktari amemwambia hivyo juzi, na daktari mwenyewe kumbe si kijana mbaya. Mteja amemweleza mkewe yote. Alijiandaa kwa kelele. Mkewe akasema habari za soda anazijua tangu mwaka juzi, muuza soda humwuliza kila wiki kama wale wageni wa soda wameondoka. Alikuwa akingoja aambiwe.

Koti lako liko tayari, nimeliachia nafasi. Ukipungua tutaingiza, usipopungua utavaa hivyo hivyo, na binamu yako amesema hajali.

Kuna jambo moja linalomkosesha mteja raha. Siku ya arusi atatembea na fimbo, kiatu kimoja wazi, na watu watamwuliza imekuwaje. Wewe ndiye utakayekuwa karibu naye mbele ya watu wote. Anataka kujua kama utamwonea haya. Nimemwambia jambo kama hilo mtu hamtumi fundi wake, huuliza mwenyewe.

Basi nakuuliza.

Mjomba wako